Vyaelea Vimeundwa: Tafakuri juu ya Neno Moja la Kiingereza

Kuna neno moja la Kiingereza, lenye herufi nne tu, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likinidai. Neno lenyewe ni *ease*. Si neno gumu. Mwanafunzi hukutana nalo mapema, akaambiwa na kamusi kwamba maana yake ni raha, starehe, wepesi au urahisi, akaandika pembeni mwa daftari lake, akapita. Nami nilipita vivyo hivyo, mpaka siku lilipokuja nyumbani kwetu na nikatakiwa nilifasiri mbele ya watu.

Siku hiyo shangazi yangu alikuwa hawezi. Alikuwa amelala miezi miwili katika nyumba yetu ya Ng'ambo, na kila dawa iliyojulikana ilikuwa imekwisha kujaribiwa. Jamaa mmoja akamleta daktari mgeni, asiyejua Kiswahili, aje amtazame. Daktari alimpima kwa upole, akatutoa ukumbini, akasema maneno machache. Mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa nimesoma, basi macho yote yakanigeukia. Alikuwa amesema kwamba kazi iliyobaki sasa ni moja tu: kumpa mgonjwa *ease*.

Nilisita. Raha? Nani atawaambia watoto wa mgonjwa kwamba mama yao apewe raha, kana kwamba anakwenda harusini? Starehe? Neno hilo siku hizi lanuka anasa. Wepesi ningeweza kusema, kwani kwetu mgonjwa mahututi huombewa wepesi. Lakini kila aliyekuwapo angelijua neno hilo linaelekea wapi, nami sikuwa na moyo wa kulitamka. Basi nikasema: "Daktari anasema sasa tumpatie nafuu."

Nyuso zikakunjuka. Bibi mmoja jirani akamshukuru Mola kwa sauti. Mtoto wa kiume wa shangazi alikuwa Pemba, tayari amekwisha kufunga mzigo wake. Akapelekewa habari kwamba asijitaabishe kuharakisha, mama anapata nafuu. Siku ya nne shangazi alifariki. Mwanawe alifika baada ya maziko. Aliponiuliza daktari alisema nini hasa, nilimweleza, naye akanisamehe kwa neno moja na hakulirudia tena jambo hilo mpaka leo. Lakini msamaha wa aliyekosewa haumwondolei mkosaji wajibu wa kufahamu alikosa nini. Ndiyo maana naandika makala haya. Nataka kujua neno lile lilikuwa likisema nini, na kwa nini nililikimbia.

Tuanze kwao. Waingereza wenyewe hawakulizaa neno hili. Waliletewa kutoka Ufaransa, pamoja na maneno mengi ya mahakamani, ya jikoni na ya kanisani, katika karne zilizofuatia ushindi wa Wanormani wa mwaka 1066. Katika Kifaransa cha kale lilikuwa *aise*, na mojawapo ya maana zake za awali haikuwa raha ya mwili bali nafasi: uwazi ulio ubavuni mwa mtu, pahala pa kupitishia kiwiko. Wataalamu wengi wa asili ya maneno huliunganisha na neno la Kilatini *adjacens*, yaani kilicho kando. Waitalia nao wana ndugu yake, *agio*, na humo ndimo wanamuziki walimopata *adagio*, mwendo wa taratibu usiosukumwa na kitu. Kwa hiyo, kabla ya kuwa jina la starehe yoyote, neno hili lilikuwa jina la hali ya mtu asiyebanwa.

Kutoka hapo maana zikatanuka. Kwanza mwili usiobanwa, kisha moyo usiobanwa, na mwisho kazi isiyombana mwenye kuifanya. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoiita wepesi. Kinyume chake kikaitwa *disease*, kukosa *ease*. Leo neno hilo la pili ni maradhi tu, lakini katika karne ya 14 lilikuwa usumbufu wa namna yoyote ile. Wafasiri wa Biblia wa kundi la Wycliffe walilitumia kwa dhiki ya ulimwengu kwa jumla. Baadaye ndipo lilipofinywa likaachiwa matabibu. Wanasheria nao wana *easement*, ambayo ni haki ya mtu kupita katika kiwanja cha jirani yake, au kutozibiwa mwangaza wa dirisha lake. Na jeshini neno lilelile ni amri, ile ambayo askari wetu huisikia kwa Kiswahili kama "Mguu pande!" Askari aliyepewa mguu pande amelegezewa viungo, lakini hakufunguliwa njia. Yungali mstarini, na akiitwa "Mguu sawa!" raha yake imekwisha. Raha ya namna hiyo ni ya kukopeshwa.

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina neno moja linalolingana na hili. Ni kweli, lakini si kweli kamili. Hakina moja kwa sababu kina mengi, na kila moja limechukua fungu lake. Tazama tunavyomsema mgonjwa. Mtu wa pwani hasemi kwanza kwamba fulani ana maradhi, husema hawezi. Uwezo ndio uliomtoka. Na mzima akiulizwa hali hujibu sijambo, yaani hana jambo. Mwingereza aliupima ugonjwa kwa kukosekana kwa raha. Sisi tumeupima kwa kukosekana kwa uwezo, na uzima tukaupima kwa kukosekana kwa jambo. Kwa salamu hiyo tunakiri kila asubuhi, bila ya kufikiri, kwamba kheri kubwa ya binadamu ni kutokuwa na kinachomkabili.

Tazama pia neno starehe. Limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni moja na la raha na la roho. Leo limechafuliwa na kumbi za usiku, lakini wazee wetu walikuwa na matumizi mengine, na bado yapo kwa wanaoyakumbuka. Mgeni wa heshima huingia barazani; waliokaa hutaka kuinuka ili kumpisha; naye huwahi kusema, "Starehe! Stareheni!" Maana yake: kaeni mlivyokaa, msijiudhi kwa ajili yangu. Linganisha na mguu pande. Ofisa humpa askari raha kutoka katika mamlaka yake, na huweza kuinyang'anya atakapo. Mgeni wa barazani huwapa wenzake raha kwa kuiacha haki yake mwenyewe, ile haki ya kuinukiwa. Ya kwanza ni amri, ya pili ni adabu. Sijui kama kuna lugha nyingine ambayo imeipa adabu hii neno moja tu, tena neno lenye roho ndani yake.

Kisha kuna rahisi, ambalo asili yake ni kitu cha bei ndogo. Na ndugu wa shina moja na rahisi ni ruhusa. Ndugu hao wawili wana la kutufundisha. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu huita rukhsa ile takhfifu anayopewa mwenye udhuru: msafiri kuifupisha sala, mgonjwa kuahirisha saumu. Takhfifu hiyo haihesabiwi kuwa uvivu wala upungufu wa imani. Ni wepesi uliokusudiwa na sheria yenyewe, kwa kuwa sheria isiyomjua aliyechoka haimjui binadamu.

Ama faraja, shina lake katika Kiarabu ni la kufunguka, la mwanya baina ya vitu viwili. Na nafasi, neno tunalolitumia kwa pahala na kwa wakati, shina lake ni la pumzi na la nafsi. Hapa ndipo niliposhangaa. Mfaransa wa kale alitafuta jina la raha akakipata kiwiko kisichogonga ukuta. Sisi tukatafuta kwetu tukapata mwanya na pumzi. Wala sisi na wao hatukushauriana. Itakuwa basi jambo lenyewe ndivyo lilivyo: raha ya kweli si kitu kinachoongezwa juu ya mtu, bali ni kitu kinachoondolewa ubavuni mwake ili apumue.

Na nafuu je, neno nililolichagua mimi? Nafuu latokana na manufaa. Ni neno la faida, la bei iliyopungua, la homa iliyoteremka. Macho yake yako kesho. Nafuu huuliza: tumepata nini, tumesogea wapi? *Ease* ya yule daktari haikuuliza habari za kesho. Iliuliza juu ya saa ile: ana maumivu? amelala vizuri? anaogopa? Nililifasiri neno la saa hii kwa neno la kesho, na watu wakaitegemea kesho ambayo haikuwapo.

Kosa hilo halikuwa langu peke yangu. Tiba yenyewe ilikuwa kwa muda mrefu imesahau kwamba baada ya kuponya kushindikana bado kuna kazi ya kufanywa. Huko London mwaka 1967 Bibi Cicely Saunders, aliyekuwa kwanza muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na mwisho daktari, alifungua nyumba ya St Christopher's kwa ajili ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu wa namna hiyo hayawi ya mwili tu. Yamo ya nafsi, ya jamaa na ya roho, na yote yatakiwa kutunzwa. Leo katika nchi yetu matunzo hayo yana jina, tiba shufaa, na wapo wauguzi waliosomea. Zamani zile hatukuwa na jina hilo nyumbani kwetu. Lakini tulikuwa na shangazi mwenyewe.

Usiku wa pili baada ya daktari kuondoka, shangazi alifungua macho akasema, "Wanangu, nipeni nafasi." Sisi tuliona kama ametuchoka. Chumba kilijaa: wajukuu, majirani, wanawake wa ukoo waliokuja kumjulia hali, na dirisha limezibwa na migongo yetu. Binti yake, ambaye mimi humwita dada, ndiye pekee aliyeelewa. Aliwatoa watu mmoja mmoja bila ya kumvunjia mtu heshima, akafungua dirisha, akamgeuza mama yake ubavu wa pili, akampangia mto chini ya mkono. Shangazi akavuta pumzi ndefu. Hakupata nafuu. Alipata lile ambalo daktari alilisema na mimi nikashindwa kulitaja, na neno lake alilitamka yeye mwenyewe kwa Kiswahili sanifu kabisa.

Methali yetu yasema baada ya dhiki faraja. Sidhani kama ni uongo, ila nimeona kwamba haitoshi. Sura ya Ash-Sharh, ya 94 katika Kurani, inapotaja uzito na wepesi haiuweki wepesi upande wa pili wa uzito. Yauweka pamoja nao, na jambo hilo yalikariri mara mbili. Kwa shangazi hapakuwa na baada. Kama faraja ingelikuwa ujira unaolipwa baada ya dhiki kwisha, yeye asingelipata kitu. Aliipata ndani ya dhiki, katika chumba kilekile, kwa sababu palikuwa na mtu wa kuipeleka humo.

Na mtu huyo ndiye anayenirejesha katika maana ya pili ya neno letu, ile ya kufanya jambo bila ya kuonekana kujitahidi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Nendeni Nungwi, pwani wanakounda vyombo, mkatazame. Jahazi likisha kushushwa majini lapita kama halina uzito, na abiria aliyekaa humo hujiona anapelekwa na upepo tu. Haioni pamba iliyoshindiliwa kwa kalafati baina ya ubao na ubao, wala mikono iliyoishindilia. Wepesi wa chombo ni uzito uliokwisha kubebwa na wengine.

Huko Italia, Baldassare Castiglione alichapisha mwaka 1528 kitabu kuhusu mwungwana wa barazani kwa wafalme, akamshauri kwamba afanye mambo magumu kwa namna ya kuonekana hayakumgharimu, na jasho alifiche. Ushauri mzuri kwa mcheza ngoma na mpiga ganuni. Lakini una upande wa hatari, nao ni huu: jasho likifichwa sana, watazamaji husahau kwamba lipo, na wakisahau hawalilipi. Visiwa vyetu vyalijua hilo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa kisheria haikufutwa mpaka mwaka 1897. Katika miaka yote hiyo palikuwa na baraza zilizosifiwa kwa utulivu wake, na kahawa iliyofika kimya kimya, na karafuu zilizojianika kama kwamba hazikuchumwa na mtu. Uungwana ulielea. Waliouunda hawakuulizwa. Na hata leo, mgeni wa hoteli ya pwani anapoambiwa "hakuna matata", anayemwambia huenda amesimama tangu alfajiri, na tabasamu lake ni sehemu ya zamu.

Hapa pana swali ambalo wanafalsafa wamelibishania kwa karne nyingi. Je, wema unaotendwa kwa wepesi una thamani zaidi, au ule unaotendwa kwa taabu? Aristotle alishika la kwanza. Kwake, mtu anayetenda haki huku akishindana na matamanio yake bado hajafika. Aliyefika ni yule ambaye kutenda haki kumekuwa furaha yake. Wepesi ni dalili kwamba wema umekaa. Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, aliuangalia upande wa pili. Mwenye huruma ya kimaumbile humsaidia mwenziwe kwa kuwa yampendeza; basi atastahiki sifa gani? Thamani ya kimaadili, alisema, huonekana kwa yule asiyesukumwa na pendo lolote, akatenda kwa kuwa ni wajibu. Mwaka 1978 Bibi Philippa Foot wa Uingereza alitoa suluhu ninayoiona ya busara. Inategemea, alisema, taabu hiyo imetoka wapi. Ikiwa imetoka katika kasoro ya tabia ya mtu, kama bahili anayeumia anapotoa, yapunguza wema wake. Ikiwa imetoka katika hali ya maisha, kama maskini anayekiona cha kuiba na asiibe, yauzidisha.

Namtia dada yangu katika mizani hiyo. Tabia yake ilikuwa nyepesi, kama alivyotaka Aristotle: hakuna aliyemsikia akiguna, wala mkono wake haukuwahi kumgusa mama yake kwa ukali. Lakini hali yake ilikuwa nzito. Alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kupika vitumbua vya kuuza, ana watoto wake wa kulisha, na usiku alikuwa akimgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache ili asipate vidonda. Nasi tulisema nini? Tulisema, "Yeye hana taabu, ameshazoea." Nakiri kwamba na mimi nilisema. Niliuona wepesi wa mkono wake nikaufanya ushahidi kwamba mzigo ni mwepesi. Lilikuwa kosa langu la pili la tafsiri katika nyumba ileile, na katika hili sikuwa na udhuru wa lugha ya kigeni.

"Ameshazoea" ni neno la kuchunga. Hulisema tajiri juu ya mchukuzi wa magunia, mume juu ya mke, mji juu ya shamba. Kwa nje lina sura ya sifa. Kwa ndani humnyima mtu haki ya kuchoka. Anayefanya vizuri bila ya kulalamika huongezewa kazi, na anayelalamika hupunguziwa. Hivyo wema wenyewe, kwa kuwa mwepesi, hugeuka kuwa njia ya kumdhulumu mwenye nao. Sisemi kwamba afadhali watu wema wangelalamika. Nasema kwamba kila tunapopumzika hatuna budi kuuliza pumziko letu linakaa juu ya bega la nani, na kama bega hilo limepata zamu yake ya kupumzika.

Wanasheria wa Kiingereza, katika ukavu wao wote, wamelihifadhi hilo pasipo kukusudia. *Easement* yao ni haki iliyo juu ya ardhi ya jirani: nafasi yangu ya kupita ni sehemu ya kiwanja chake asiyoruhusiwa kujenga. Ndivyo zilivyo raha zote. Nafasi ya kiwiko changu hutoka ubavuni mwa mtu. Akinipa kwa hiari, kama mgeni anayesema "Starehe!", hiyo ni adabu. Nikiichukua bila ya kumwona, ni ghasibu, hata kama yeye anatabasamu.

Basi nikiitwa tena ukumbini, nikaelekezwa macho yale, nitasema nini? Sitatafuta tena neno moja, kwa kuwa kosa langu halikuwa la msamiati tu. Nilichagua neno lililonipa mimi nafasi ya kupumua, nikamziba dirisha mwenye haki nalo. Nitasema: Daktari anasema hatapona. Tumwondolee maumivu, tumpe nafasi. Anayemuuguza apokewe zamu usiku huu. Na mwanawe aliyeko Pemba aitwe leo.